Kikosi cha Anga cha Keumbu

Kabati la vioo katika nyumba ya Mgusii lina katiba yake, na baba mwenye nyumba hakuulizwa maoni ilipoandikwa. Rafu ya juu ni ya vikombe vya wageni, vile vya maua vyenye ukingo wa dhahabu, ambavyo hakuna mgeni aliyewahi kuvinywea kwa sababu wageni wakija tunaogopa watavivunja. Rafu ya pili ni ya sahani za harusi, chupa za chai ambazo moja tu ndiyo nzima, na picha ya mahafali ya shemeji yangu. Ya chini ina redio, Biblia, vitabu vya nyimbo na chaja za simu zisizo na mama wala baba. Mimi niliyelilipia kabati lenyewe kwa fundi wa Daraja Mbili, nikalipandisha kwenye pikapu mvua ya saa tisa ikininyeshea, sina hata kona. Kama wewe una kona kwenye kabati lako, usiendelee kusoma. Haya ni mazungumzo ya wenye shida.

Nilichotaka ni rafu moja ya kuwekea ndege zangu za vita.

Najua. Nyumbani pia waliguna hivyo hivyo.

Wenye ugonjwa huu tupo wengi duniani, ila huku Gusii tunajificha. Tunakusanya modeli za ndege za kivita zilizosubiwa kwa chuma. Wenyewe huziita daikasti. Aloi ya zinki huyeyushwa, ikasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu, ikatoka na umbo la ndege kamili, hadi mistari ya mabati na vichwa vya ribiti. Kisha hupakwa rangi, na maandishi hupigwa kwa mhuri laini wa mpira, mengine madogo mno hata uyasome kwa kioo cha kukuzia. Kipimo tunachokipenda ni 1/72. Hesabu yake ilitokana na Waingereza wa enzi za futi na inchi: mtu wa futi sita anakuwa inchi moja tu. Ndege ya mita kumi na nne na ushee inakuwa sentimita 20, ambazo ukizipima vizuri ni upana wa sahani ya harusi. Hapo ndipo fitina ilipoanzia.

Mke wangu, Mama Kerubo, mimi humwita Mkaguzi Mkuu, ila si mbele yake. Ametoka Nyamira, upande wa Kebirigo, kwenye majani chai, na mtu aliyekulia kwenye kituo cha kupimia majani humwibii hata gramu. Ndege ya kwanza ilipoingia nyumbani aliikalisha kwenye kiganja chake akaipima uzito.

"Baba Kerubo, hii inaruka?"

"Hapana."

"Ina redio ndani?"

"Haina."

"Inafunguka mtu aweke kitu?"

"Inafunguka hapa juu. Anakaa rubani."

Akamtazama rubani kwa muda. "Afadhali huyu," akasema. "Angalau hali."

Kuhusu bei, niliitaja nikiwa nimeelekea dirishani. Modeli nzuri huko nje huuzwa kama dola 100, na Mkaguzi Mkuu hahitaji kikokotoo kubadilisha dola kuwa mifuko ya mbolea. Tulijadiliana. Yaani yeye alijadili, mimi nikasikiliza. Mwishowe ndege zangu zikapewa nusu ya rafu ya pili, upande wa kushoto, kwa sharti kwamba siku ya wageni zihamie juu ya friji. Tangu siku hiyo rafu hiyo ikawa Keroka yetu: Kisii inadai ni yake, Nyamira inadai ni yake, na mwenye kuteseka ni anayefanya biashara katikati.

Zilikaaje hapo? Vibaya. Nina Tomcat, ile F-14 ya Jeshi la Wanamaji la Marekani ambayo mabawa yake hufunguka ikienda polepole na kujikunja nyuma ikikimbia. Kwenye modeli yangu pia yanajikunja. Mtu akiwa na roho ya kawaida ataona hapo kipaji cha wahandisi wa Grumman. Mkaguzi Mkuu aliona kibanio. Hadi leo Tomcat yangu imebana bahasha za zaka, na nikitaka kuitazama ikiwa imekunjua mabawa lazima niombe ruhusa ya kanisa.

Nina pia MiG-21 yenye rangi ya fedha. Ndege hiyo ina sindano ndefu puani, ya kupimia kasi ya hewa. Mama mkwe wangu alipokuja kwetu, kitu cha kwanza alichofanya baada ya kuomba dua na kunywa chai ni kutundika miwani yake kwenye sindano hiyo. Sindano ikainama ikatazama sakafu. Julai 1976 makomando wa Israeli walipovamia Entebbe waliziharibu MiG za Idi Amin zikiwa zimeegeshwa, ili zisije zikawafukuza angani. Walitumia risasi na vilipuzi. Kumbe wangetuma tu mama mmoja kutoka Kebirigo na miwani ya kusomea.

Huyo mama mkwe ndiye tunayemwita Mnara. Watoto ndio walioanza, baada ya kuniuliza uwanja wa ndege huongozwa na nani na mimi nikawaeleza kwamba kuna mnara, na hakuna anayetua wala kuruka bila mnara kusema. Walitazamana. Bomani kwake huwezi kufungua lango bila yeye kuuliza kutoka jikoni unakwenda wapi, na utarudi na nini. Alikuja kwetu Agosti kwa ajili ya makambi ya kanisa, akiwa na begi moja, mkungu wa ndizi na kuku mmoja mweupe wa kumpa binti yake. Makambi yalikwisha. Begi halikuondoka.

Sasa wewe usiye Mgusii labda utauliza: kwa nini hukumwambia asitundike miwani? Ndugu yangu, kuna ensoni. Mkwe na mama mkwe hawabishani, hawataniani, hawakai kochi moja, na mimi nikipiga chafya yeye akiwa sebuleni hutoka nje kuimalizia uani. Mtu unayemwogopa kiasi hicho huwezi kumwambia "Mama, hiyo ni pua ya MiG." Nilichofanya ni kumtuma Kerubo akamwambie bibi yake kwa upole. Kerubo ana miaka kumi na mitatu, tunamwita Wakili. Alirudi na ujumbe kwamba bibi anauliza ndege hiyo ililipiwa ushuru wa kabati na nani.

Hayo yote yalikuwa madogo. Masaibu yenyewe yaliletwa na F-5.

Nimekusanya ndege za nchi za watu, lakini F-5E Tiger II ndiyo niliyoitamani tangu utotoni, kwa sababu ni yetu. Kenya imekuwa nayo tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, makao yake Nanyuki, na ukienda sherehe za kitaifa Nairobi ukasikia mbingu zikipasuka juu ya kofia ya Rais, aghalabu ni hiyo. Tulipobahatika kuandaa Mashujaa Day hapa kwetu Gusii Stadium mwaka 2020, mimi nilisimama nimetazama juu muda mrefu kiasi kwamba shingo ilikwenda kazini Jumatano ikiwa bado imekaza. Ni ndege ndogo, nyembamba, ina injini mbili na pua ya kuchongoka. Wamarekani wenyewe waliitumia kuigiza adui katika mafunzo yao, kwa kuwa wembamba wake ulifanana na MiG-21. Hata kwenye ile sinema ya Top Gun ya mwaka 1986, zile ndege nyeusi za maadui zilizoitwa MiG-28 hazikuwa MiG za popote. Zilikuwa F-5 zilizopakwa rangi.

Nilipomweleza Wakili hayo, alifikiri kidogo akasema, "Kwa hiyo, Baba, ndege yetu ndiyo ilikuwa mbaya."

"Ilikuwa inaigiza."

"Na ikapigwa?"

Huyo mtoto akisomea sheria, mahakimu wa Kisii watastaafu mapema.

Aliyeninunulia F-5 ni mpwa wangu, Kapteni, ambaye ni mlinzi Doha. Cheo alijipa mwenyewe kwenye picha ya wasifu. Alimkabidhi mtu anayerudi nyumbani, mtu akamkabidhi dereva wa matatu, na dereva akanipigia simu Ijumaa jioni: mzigo uko stendi. Kufikia nilipoufikisha kwetu Keumbu, mvua ikiwa imeshaigeuza njia kuwa uji, jua lilikuwa linazama nyuma ya migomba. Nikaingia mbio. Nikaweka boksi mezani. Nikashika kisu cha kukatia mkate.

"Baba Kerubo," akasema Mkaguzi Mkuu. "Sabato."

Huku kwetu Waadventista ni wengi mno. Jumamosi hata mbwa wa Keumbu hubweka kwa adabu. Sabato huingia jua likizama Ijumaa, na mambo ya dunia husimama hadi jua lizame tena Jumamosi, na boksi kutoka Doha lenye ndege ya kutupa mabomu lilionekana na wote waliokuwepo kuwa ni jambo la dunia. Mnara hakusema neno. Alilifunika tu kwa kitambaa cha kochi.

Kwa hiyo tulilala nalo, tukaamka nalo, tukaliacha tukaenda ibadani, tukarudi likiwa pale pale chini ya kitambaa. Mahubiri yalihusu kuyageuza mapanga kuwa majembe. Mke wangu hakunitazama hata mara moja wakati wa mahubiri hayo, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kutazamwa. Mchana tukala ugali na mboga za chinsaga. Mwanangu mdogo, Mchwa, alikuwa akienda kuliinamia boksi na kulinusa. Jina la Mchwa alilipata kwa kazi za mikono yake: rimoti mbili, saa ya ukutani, kiatu changu cha kushoto na kitasa cha choo.

Jua lilipozama, Mnara mwenyewe ndiye aliyekiondoa kitambaa. "Haya," akasema, akiutazama ukuta ili asinitazame mimi. "Tuone kilichotuzuilia meza."

Baba Mkubwa naye alikuwa amefika. Huyo ni kaka wa marehemu baba yangu, na kijiji kizima kinamwita BBC kwa ajili ya redio yake ya mbao na kwa kuwa akianza taarifa hakatishwi. Nilipoitoa ndege kwenye plastiki, sentimita 20 za chuma kilichopakwa rangi ya jangwa, matairi yake ya punje ya mtama, makombora yake kwenye kifuko na rubani wake mwenye helmeti nyeupe, BBC alisogeza kiti nyuma.

"Iondoe mezani," akasema. "Hiyo ndiyo ile ya themanini na mbili."

Wengine wakapumua kwa nguvu, maana taarifa hiyo tunaipata kila Agosti. Mwaka 1982 BBC alikuwa akiuza ndizi Gikomba, karibu sana na kambi ya wanahewa ya Eastleigh kwa afya yake. Jumapili ya tarehe 1 Agosti aliamka na milio ya bunduki. Baadhi ya wanajeshi wa anga walikuwa wameiteka redio ya taifa wakatangaza kwamba serikali ya Rais Moi imepinduliwa. Huko Nanyuki marubani walilazimishwa kurusha ndege, F-5 zikiwemo, waje waishambulie Nairobi kwa mabomu. Nao wakayatupa mabomu hayo kwenye msitu wa Mlima Kenya, ambako hayakumuua Rais. Jeshi la nchi kavu lilizima jaribio hilo siku hiyo hiyo. Kikosi kizima cha wanahewa kikavunjwa, kikaundwa kingine kilichoitwa Jeshi la Anga la 82, na jina la zamani halikurudishwa hadi 1994. BBC yeye alilala chini ya gunia za ndizi. Anasema ndizi zilimwivia mgongoni. Sehemu hiyo huongezeka kila mwaka.

"Askari wakiingia humu," akamaliza, "mimi nitasema sikuwepo."

Mnara alikuwa anamtazama rubani. Nadhani alimpenda. Alimshika kwa vidole viwili, akamgeuzageuza, akauliza hewani kama huyu kijana ana mke. Kisha akamweka ukingoni mwa meza ili aende kuona wali. Mwenzangu, kama una mtoto wa miaka sita, hapo umeshaijua hadithi. Rubani wa kipimo cha 1/72 akiwa ameketi hafikii hata inchi moja. Anaingia kwenye ngumi ya Mchwa na nafasi inabaki.

Kesi iliendeshwa na Wakili kesho yake, jikoni, baada ya mimi kukuta kiti cha rubani kitupu.

"Mchwa, ulimpeleka wapi?"

"Nje."

"Kufanya nini?"

"Alitaka kukojoa."

"Kisha?"

"Kuku akamchukua."

"Akampeleka wapi?"

Mchwa akafungua mdomo wake, akaonyesha kwa kidole.

Yule kuku mweupe alikuwa uani, amesimama kwa mguu mmoja, mwenye amani kabisa. Nikasema achinjwe mara moja. Mkaguzi Mkuu akasema kuku huyo anataga, na yai moja ni shilingi kadhaa, na rubani ni shilingi ngapi akiuzwa peke yake? Sikuwa na jibu. Rubani hauzwi peke yake. Hiyo ndiyo sababu yenyewe ya uchungu wangu, lakini haikuingia kwenye hesabu zao. Zaidi ya yote, kuku ni zawadi ya Mnara, na mkwe hamchinji kuku wa mama mkwe kwa hasira.

Ikabidi nisubiri njia ya kawaida. Fikiria mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii, mtu anayevaa tai, amekunja suruali na anamfuata kuku asubuhi mapema kwenye migomba akiwa na kijiti. Jirani mmoja aliniamkia "Bwakire" mara ya kwanza, mara ya pili akanionea huruma, na baadaye akamuuliza mke wangu kimyakimya kama kazini mambo ni mazuri. Matokeo hayakupatikana. Baadaye Wakili alinieleza walichofundishwa shuleni: kuku hana meno, kwa hiyo humeza vijiwe akavihifadhi kwenye firigisi vimsagie chakula, na kitu kigumu kikifika huko kinaweza kukaa muda mrefu kikifanya kazi. Rubani wangu alikuwa ameajiriwa.

Katika kukata tamaa nilikwenda Tabaka. Mwenye kutoka huku anajua: mtaani kote ni vumbi jeupe na milio ya panga kwenye mawe ya sabuni, wanaume wanachonga, akina mama wamekaa mbele ya beseni za maji wanasugua kwa msasa mpaka jiwe linalainika shavuni. Jiwe lile ni laini; ukucha unaliweza. Ndiko alikotoka Elkana Ong'esa, mchongaji ambaye ndege wake wa amani amesimama makao makuu ya UNESCO, Paris. Nikajiambia, watu waliopeleka ndege wa amani Paris watashindwa na rubani mmoja wa ndege ya vita?

Mchongaji niliyempata alinisikiliza kwa heshima. Nilipomwonyesha kwa vidole urefu ninaoutaka, alicheka, akaita wenzake, nikawaonyesha tena, nao wakacheka. Akaniambia jiwe dogo hivyo linabaki kuwa vumbi. Kisha akasema nisijali, atanitengenezea mzuri. Niliporudi kumchukua, rubani alikuwa na inchi sita. Alikuwa wa waridi, aling'arishwa kwa nta, na kwa kuwa mchongaji yule kazi yake ya kila siku ni viboko, alikuwa na mdomo mpana wa kiboko chini ya helmeti. Kwa kipimo cha 1/72 mtu huyo ana futi 36. Angeweza kuibeba F-5 kwapani akavuka nayo Mto Gucha.

Mnara alimpokea kwa vigelegele. Ensoni ilimzuia asinisifu mimi, kwa hiyo alilisifu jiwe. Akaondoa ndege zangu, akamweka rubani wa Tabaka katikati ya rafu ya pili juu ya kitambaa cha kufuma, na MiG ikahamia juu ya friji, pamoja na dawa ya minyoo.

Mwisho wa Agosti ulifika, na Mkandarasi akaja kumchukua mama yake. Huyu ni shemeji yangu, yule wa picha ya mahafali. Kila mwaka ana mradi. Alianza na sungura, akaja samaki, sasa ni parachichi za kupeleka Ulaya, na kila mradi una pengo dogo la fedha lenye umbo langu. Wakati ule nilikuwa nimeweka akiba ya Sukhoi. Uganda ilipata Su-30MK2 sita mwaka 2011 na 2012, kutoka Urusi, midege mikubwa yenye injini mbili na mikia miwili, na mimi siwezi kuona jirani ana kitu nisitamani. Kwa kipimo chetu ina sentimita 30, rula nzima ya shule. Mkaguzi Mkuu alikwisha kupima rafu na kuniarifu kwamba mkia utabaki nje. Lakini pesa nilikuwa nazo, kwenye simu, mahali ambapo nilidhani ni mimi tu ninayepajua.

Mnara akaamuru kuku achinjwe kwa ajili ya safari. Mimi nilisimama. Nikasema kwa sauti ya kawaida kabisa, nikimwelekea mke wangu, kwamba firigisi naiomba mimi, kama ilivyo ada ya baba wa nyumba hii. Mke wangu alinielewa. Wakili alinielewa. Hata Mchwa alitikisa kichwa. Chungu kikaiva, obokima, ugali wetu, ukaletwa ukifuka moshi, na Mnara, aliyekuwa amekaa jikoni kwenye kigoda na kijiko kikubwa mkononi akigawa, akasema firigisi ni ya mgeni.

"Mama, Baba Kerubo ali—" akaanza mke wangu.

"Baba Kerubo yuko kwake kila siku."

Nani atabishana? Nilitazama firigisi ikipita mbele yangu kwenye sahani ya harusi, ikatua mbele ya Mkandarasi. Wapo watakaouliza kwa nini aliyeisafisha hakuipasua ndani. Aliyeisafisha ni Wakili, kwa haraka, kwa sababu kulikuwa na kipindi kwenye televisheni. Nilitaka kumwonya shemeji. Lakini unamwambiaje mtu mbele ya mama yake, na mama huyo ni mkwe wako, kwamba atafune polepole maana kuna mwanajeshi?

Akatafuna. Tukasikia kak!

BBC akainama chini ya meza. Mkandarasi alifumba macho, akaweka mkono shavuni, akatoa mdomoni kitu cha kwanza, akakiweka kwenye sahani. Kilikuwa kipande cha jino. Akatoa cha pili.

"Nimeuma mtu," akasema.

Nikiri kwamba katika chumba hicho chote watu walitazama jino na mimi nikatazama kile kingine. Alikuwa hai, kwa namna yake. Rangi ilikuwa imekwisha, mkono wa kulia haukuwepo, uso ulikuwa umesagwa na vijiwe vya Kebirigo mpaka ukabaki laini, lakini helmeti ilikuwa nzima. Mchwa alirukaruka akipiga kelele "Amerudi! Amerudi!" Mnara alisema "Ee Nyasae" mara kadhaa, akashika taulo, akamfuta mwanawe mdomo, kisha, huku akimfuta, akaniuliza kupitia kwa Kerubo kwamba kijana yule wa ndege ameshaumwa wapi tena. Mkaguzi Mkuu hakusema kitu. Alikuwa anahesabu.

Usiku ule, wageni walipoondoka na pikipiki mbili na mkungu mwingine wa ndizi, nilimsafisha rubani kwa mswaki wa zamani nikamrudisha kwenye kiti chake. Anaingia. Ameegemea upande kidogo, mtu aliyelewa kwenye matatu, lakini kioo kinafunga juu yake. F-5 iko rafu ya pili, nyuma ya jitu la Tabaka, na ukitaka kuiona lazima umsogeze jitu, na ukimsogeza vikombe vya juu vinatikisika, na vikitikisika mke wangu anaita kutoka chumbani, "Nani huyo?"

Mkandarasi naye alipiga simu Jumatatu. Alikuwa amekwenda kliniki ya meno. Akanitajia kiasi cha kutengenezewa jino, na sijui ni nani aliyemnong'oneza, lakini kiasi hicho kililingana na akiba yangu ya Sukhoi hadi shilingi ya mwisho. Nilimtazama mke wangu. Alikuwa anakunja nguo kwa bidii isiyo ya kawaida.

"Ni nyama ya nyumba hii iliyomvunja," akasema. "Na rubani ni wa nani?"

Nikatuma, kwa M-Pesa, nikibonyeza namba ya siri polepole, nikiiona mikia ile miwili ikizama upande wa Entebbe. Simu ikalia papo hapo. Nikadhani ni asante.

"Shemeji nimeona. Lakini hukuweka ya kutoa."